Maji ulichemsha, na unga je?

Leo naweka siasa pembeni. Nataka kuzungumzia chupa ya mtoto. Usicheke kwanza, soma hadi mwisho.

Wifi yangu alilazwa Mwanza kwa upasuaji akiwa na mtoto wa wiki tano. Mtoto alibaki Bariadi kwa shangazi, na daktari akaelekeza apewe maziwa ya kopo. Nikaenda kusaidia. Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa nyumba, nikajipa cheo cha mtengeneza chupa. Asubuhi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe kabisa kwenye jagi lenye kifuniko. Mtoto akilia, nachanganya unga na yale maji ya baridi, kisha naipasha chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Usiku natengeneza chupa mbili kwa mpigo na kuzifunga kwa kitenge zisipoe. Nilijiona hodari kweli kweli. Siku ya nne mtoto akaanza kuhara.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Huenda ilikuwa chupa, huenda ilikuwa kitu kingine. Lakini swali la muuguzi halijanitoka kichwani mpaka leo: "Maji ulichemsha, sawa. Na unga je?"

Nikabaki kimya. Unga si unatoka kiwandani, umefungwa kwenye kopo? Basi ile tabia ya uandishi wa habari ikanipanda, nikaanza kuchimba. Kumbe swali lile lina historia ndefu.

Tuanze na chupa yenyewe. Ulaya ya karne ya 19 watoto wengi walinyweshwa kwa chupa zenye mpira mrefu, ili mtoto ajinyonyee mwenyewe mama akiendelea na kazi. Ndani ya mpira ule hakukuwa na mkono wala brashi iliyoweza kufika. Maziwa yaliganda humo, yakaoza, na watoto wakafa. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 1910. Wakati huohuo biashara ya chakula cha watoto ilikuwa inakua. Henri Nestlé, mfamasia mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Vevey, Uswisi, alianza kuuza mwaka 1867 unga wake wa maziwa ya ng'ombe, ngano na sukari.

Biashara hiyo ilisafiri hadi kwenye makoloni, na madaktari wakaanza kupiga kelele. Mwaka 1939 huko Singapore, Dk. Cicely Williams alisimama mbele ya wanachama wa klabu ya Rotary akasema wazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha na kuwapa watoto maziwa ya kopo yenye sukari ni sawa na mauaji. Hapa jirani, kwenye chuo cha Makerere, Profesa Derrick Jelliffe aliwatibu watoto wenye utapiamlo katika miaka ya 1960, na mwaka 1965 kikaanzishwa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago. Baadaye Jelliffe alitoa hoja kwamba upo utapiamlo unaoletwa na biashara yenyewe. Mama maskini ananunua kopo moja, analivuta lidumu kwa kuongeza maji, na mtoto anashiba maji.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la London lilichapisha kijitabu cha Mike Muller, The Baby Killer. Kikundi kimoja cha Uswisi kikakitafsiri kwa Kijerumani na kukipa kichwa kinachoituhumu Nestlé kuua watoto. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 1976 jaji wa Bern aliwatia hatiani wanaharakati kwa sababu ya kichwa kile, akawatoza faini ndogo, lakini akaitaka kampuni ifikirie upya namna inavyojitangaza. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kugomea bidhaa zake. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa haya. Kura 118 zilikubali, moja tu ikakataa, ya Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na nyingine mpya mwaka 2013.

Sasa angalia jambo moja. Katika kelele zote hizo, mtuhumiwa alikuwa tangazo, na baada ya tangazo, maji machafu. Ndiyo maana kizazi chetu kimekua na amri moja tu: chemsha maji! Unga haukuguswa.

Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la Tennessee, Marekani, kichanga kilichokuwa chumba cha uangalizi maalumu kilifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Bakteria anayeitwa siku hizi Cronobacter alikutwa kwenye unga wa maziwa, hata katika kopo ambalo halijafunguliwa. Hapakuwa na lambo wala kisima cha kulaumu. Wataalamu wa WHO na FAO walikutana Geneva mwaka 2004, na mwaka 2007 mashirika hayo yakatoa mwongozo. Jibu la swali la muuguzi limo humo: unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, na kinachoviua ni maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70.

Kwa hiyo mimi nilifanya kinyume. Maji yangu ya baridi yaliviacha hai, na kitenge changu kikavitunza kwenye uvuguvugu usiku kucha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Nawa mikono. Osha chupa na chuchu kwa brashi na sabuni, kisha vichemshe. Chemsha maji mapya, angalau lita moja, maana maji kidogo hupoa haraka. Usiyaache zaidi ya nusu saa. Mimina maji kwanza, kisha weka unga kwa kijiko cha kopo, kwa idadi iliyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Tikisa, poza kwenye beseni la maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yasiyonyweka ndani ya saa mbili yamwagwe. Ukitaka kutengeneza mapema, lazima uwe na friji yenye nyuzi 5 au chini, mwisho saa 24, na kupasha kusizidi dakika 15.

Sasa lete mwongozo huo Bariadi. Simiyu ni mkoa tangu 2012, lakini kaya nyingi bado zinachota maji kwenye visima na malambo. Bila friji, ni kuwasha jiko la mkaa kila mtoto anapolia, hata saa nane usiku. Botswana iliwagawia akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikanyesha, kuhara kukazagaa, na waliokufa wengi walikuwa watoto wasionyonya. Kopo lilikuwa bure, maji salama hayakuwepo.

Muuguzi alituachia jambo jingine. "Kama chupa inawashinda kusafisha, tumieni kikombe." Shangazi aliguna. "Mayu, mtoto wa wiki tano na kikombe?" Muuguzi akamkalisha mtoto mapajani, akagusisha ukingo wa kikombe kidogo kwenye mdomo wa chini, na yule bwana mdogo akaanza kulamba kama paka. Kikombe hakina kona wala chuchu. Uchafu ukiwepo, unauona.

Wifi aliporudi alisaidiwa kumrudisha mtoto titini, taratibu, hadi maziwa yakatoka tena. Kikombe kile kipo kabatini kwa shangazi. Chupa zote amezigawa za kuwekea mafuta ya taa.