Bibi Salme na Karatasi za Ugenini

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, wa Mjini na wa Shamba, karibuni tena katika somo la historia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: NDOA, UKAAZI, URAIA. Leo tutayarudia mara nyingi.

Siku moja nilikwenda Mangapwani kutazama darasa la jioni. Somo lilipokwisha, wenzake wote wakatoka, lakini Bi Mkubwa mmoja alibaki amekaa, na mkononi ana bahasha. Akaniambia, "Mwanangu, binti yangu ameolewa Ulaya. Ameniletea barua kuwa amepeleka ombi la kukaa huko moja kwa moja. Kusoma nimeisoma mwenyewe, lakini nina maswali mawili. Jee, mtoto huyu sasa ni wa huku au wa kule? Na mumewe akifa, watamfukuza?"

Maswali hayo ni makubwa. Nilipokuwa njiani kurudi nikakumbuka kuwa yamo katika historia yetu wenyewe, tena katika njia ile ile niliyokuwa nikipita. Mtu anayetoka Mangapwani kwenda Mjini hupita Bububu, kisha Mtoni. Mahali hapo pote pawili aliwahi kukaa mwanamke aliyeolewa na mgeni, akaishi ugenini, na akafiwa na mume huko huko. Jina lake ni Sayyida Salme binti Said.

Mtoto wa Mtoni

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Oman. Mama yake ni Jilfidan, aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi akiwa mtoto mtumwa.

Zamani zile watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Bibi Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ndio ubao wake, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka akajua kuandika. Nyinyi mnaoshika kalamu ukubwani mnajua kazi hiyo ilivyo.

Elimu ile ilimletea taabu mapema. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na Sayyid Majid akatawala Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alifanya njama ya kumpindua Majid. Bibi Salme, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa njama hiyo kwa sababu yeye alijua kuandika. Njama ilishindwa. Barghash alipelekwa Bombay, na Bibi Salme akasamehewa na Majid. Walakini baadhi ya ndugu zake hawakusahau.

Ndoa ya Aden

Baadaye Bibi Salme alihamia Mjini. Jirani yake alikuwa kijana mfanyabiashara kutoka mji wa Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana, na Bibi Salme akapata mimba. Jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa kwake. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa kuoga Mwaka, wanawake waliposhuka pwani, aliingia katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akachukuliwa mpaka Aden.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Bwana Ruete alimfuata mwaka 1867. Tarehe 30 Mei mwaka huo Bibi Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakaoana. Kisha wakaenda Hamburg.

Sasa tulitazame neno la kwanza ubaoni, NDOA. Siku zile katika nchi nyingi za Ulaya mke wa kigeni hakupeleka ombi la ukaazi. Sheria ilisema kuwa mke humfuata mume. Sheria ya uraia ya Wajerumani ya mwaka 1870 iliandika hivyo wazi: mwanamke wa kigeni akiolewa na raia, naye huwa raia. Uingereza nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo mwaka ule ule.

Mtu atasema, "Mambo yalikuwa mepesi kuliko sasa!" Ndiyo, kuingia kulikuwa kwepesi. Lakini mwanamke hakuulizwa. Na kinyume chake kilikuwa kizito: Mjerumani mwanamke akiolewa na mgeni alipoteza uraia wake, na Mwingereza mwanamke vivyo hivyo. Katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 wanawake waliozaliwa Uingereza, ambao waume zao walikuwa Wajerumani, walihesabiwa kuwa raia wa adui katika nchi waliyozaliwa.

Mjane

Bibi Salme na mumewe walipata watoto watatu Hamburg: Antonie, Said na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870 Bwana Ruete aliumia vibaya katika ajali ya tremu iliyovutwa na farasi, akafa. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 2, na mdogo alikuwa wa miezi michache tu. Mama yao alikuwa na umri wa miaka 25, na ndugu zake wote wako ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo tunapoona jambo la maana. Hakuna aliyemfukuza. Kwa sheria alikuwa mtu wa kule. Lakini karatasi haimlishi mtu. Aliingia katika dhiki ya fedha. Alihama Hamburg akaenda Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin, akitafuta mahali pa maisha nafuu. Na huku Unguja, kwa kuwa ameacha dini na ameolewa na mtu asiye Mwislamu, mlango wa urithi wake ulikuwa umefungwa. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, ambaye sasa ndiye mtawala, alizuru London. Bibi Salme alikwenda huko kutaka kusikilizana naye. Wakubwa wa Kiingereza walimshawishi asimwendee, naye akarudi Ujerumani bila ya kumwona.

Mwaka 1885

Tulitazame sasa neno URAIA. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilikuwa ikitafuta nchi za kutawala katika Afrika ya Mashariki. Sayyid Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja. Nyuma yake ikaja meli nyengine, Adler, na ndani yake alikuwemo Bibi Salme pamoja na watoto wake.

Serikali ile ilisema kuwa Bibi Salme ni raia wake, na kuwa ina haki ya kudai urithi wake. Baada ya miaka 19 akatembea tena katika njia za Mjini, na watu wengi walimkusanyikia na kumwamkia. Barghash hakukubali kumwona. Lakini mbele ya mizinga alikubali matakwa ya Wajerumani juu ya nchi za bara. Walipokwisha kupata hayo, khabari ya urithi wa Bibi Salme ikawekwa kando. Alikuja tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, akarudi vile vile bila ya urithi alioudai.

Tupime jambo hili. Uraia alioupata kwa ndoa haukumfaa sana yeye mwenyewe wakati wa dhiki yake. Uliifaa serikali siku ilipouhitaji.

Kitu kimoja hakuna aliyeweza kumnyang'anya, nacho ni kalamu. Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilitoka Berlin kwa Kijerumani. Leo tukitaka kujua jinsi watu walivyoishi Mtoni, walivyokula na walivyolea watoto, tunakwenda katika kitabu hicho.

Sheria za siku hizi

Sasa tumjibu Bi Mkubwa wa Mangapwani.

Ile sheria ya kuwa mke humfuata mume ilianza kuvunjika. Uingereza iliibadilisha kwa sheria ya mwaka 1948. Mwaka 1957 Umoja wa Mataifa ulitoa mkataba unaosema kuwa kuolewa peke yake hakumbadilishi mwanamke uraia. Tangu hapo, katika nchi nyingi, mke au mume wa kigeni ni lazima aombe mwenyewe.

Anachoomba kwanza si uraia. Ni ruhusa ya kukaa, na baada ya miaka kadhaa huomba UKAAZI wa kudumu. Uingereza kwa kawaida mke au mume hungoja miaka 5. Ujerumani hungoja miaka 3, naye awe anajua Kijerumani cha kutosha. Tena tangu mwaka 2007 Ujerumani kwa kawaida hutaka mke ajue Kijerumani kidogo hata kabla ya kupewa viza. Basi kujifunza kusoma na kuandika kumekuwa ni sehemu ya safari.

Swali la kwanza la Bi Mkubwa: ni wa huku au wa kule? Aliyepata ukaazi wa kudumu ana ruhusa ya kuishi kule, lakini bado ni raia wa Tanzania. Akiupokea uraia wa kule kwa hiari yake, hapo huupoteza uraia wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1995. Kwa hivyo asome vizuri fomu anayotia saini. Maneno hayo mawili si kitu kimoja.

Swali la pili: mumewe akifa, watamfukuza? Uingereza mjane anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila ya kungoja itimie miaka yote. Ujerumani, ikiwa walikuwa wakiishi pamoja huko, ruhusa yake huweza kuendelezwa. Lakini ni lazima aombe, naye awe na hati ya ndoa, hati ya kifo, na ushahidi wa kuwa walikaa pamoja.

Na sisi tujitazame. Sheria yetu ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia, maadamu mumewe yu hai. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa binti wa Mangapwani hana njia hiyo. Hupita njia ya wageni wote. Kenya, katika katiba yake ya mwaka 2010, haikutofautisha: mke au mume, baada ya miaka 7 ya ndoa, anaweza kuomba kuandikishwa. Wanafunzi, lizungumzeni jambo hili darasani.

Niliporudi Mangapwani nilimweleza Bi Mkubwa haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na yule Bibi wa Mtoni, alizikwa wapi?"

Bibi Salme alikaa miaka mingi Jaffa na Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg, karibu na mumewe. Katika vitu vyake walikuta kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja. Kifuko hicho wakamzika nacho.

Bi Mkubwa alinyamaza kidogo. Kisha akachukua kalamu, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaanza kumwandikia binti yake.

Maswali ya darasani

1. Bibi Salme alijifunzaje kuandika?
2. Kuna tofauti gani baina ya ukaazi wa kudumu na uraia?
3. Ni karatasi gani mtu aliyeolewa ugenini inampasa azitunze?
4. Jee, ni haki mke na mume wa kigeni wawe na njia mbali mbali za kuomba uraia? Toeni sababu zenu.

Tutaonana katika somo lijalo, inshaallah. Wassalaam.