Pale Pembe Inaponunuliwa

Katika soko la Unguja la karne ya 19, pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na hata ukubwa wake ulikuwa na majina. Pembe kubwa iliitwa buri, ndogo kalasha. Wanunuzi wa Bombay, London na Connecticut, Marekani, walikuwa na mawakala hapo. Huko Connecticut kuna mji unaoitwa Ivoryton hadi leo, uliokua kwa viwanda vya kukata pembe kuwa vibao vya piano. Misafara iliyovilisha viwanda hivyo ilipita Bagamoyo, Tabora na Ujiji, maburi yakiwa mabegani mwa wapagazi. Ndovu wa karibu na pwani walipopungua, wafanyabiashara walizidi kuingia bara. Kufikia miaka ya 1870 mmoja wao, Tippu Tip, alikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema.

Nimeanzia sokoni kwa makusudi. Historia ya uhifadhi wa wanyama duniani huanza kusimuliwa Yellowstone, Marekani, mwaka 1872, ilipotengwa hifadhi ya taifa ya kwanza. Usimulizi huo unatufundisha kuutazama mpaka: pori limewekewa alama, wanyama wako ndani, watu wako nje. Lakini ndovu wa Afrika Mashariki hawakumalizwa kwa kukosa mpaka. Walimalizwa na bei.

Wakoloni waliona upungufu huo mapema. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji na kutenga mapori ya akiba ya kwanza, moja likiwa eneo la Rufiji. Mwezi Mei 1900 madola yenye makoloni yalikutana London: Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia, na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Walitia saini mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika, ambamo pembe za chini ya kilo 5, yaani kalasha zile zile, zilipigwa marufuku. Simba, chui na fisi waliwekwa katika orodha ya wanyama waharibifu wanaostahili kupunguzwa. Hakuna Mwafrika aliyetia saini. Mkataba wenyewe haukupata kuanza kutumika, kwa kuwa nchi nyingi hazikuuthibitisha.

Kilichoanza kutumika, tena kwa ukali, ni leseni. Mzungu mwenye bunduki na karatasi ya serikali aliitwa mwindaji. Mwanakijiji mwenye upinde, aliyewinda kama babu yake alivyowinda, akaitwa jangili. Jina hilo limewaumiza watu wengi. Mpaka nao uliumiza: mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti ili hifadhi ibaki bila wakazi, wakaahidiwa haki zao Ngorongoro. Mabishano juu ya ahadi hiyo hayajaisha. Mimi naamini uhifadhi uliwakosea watu hao, na kosa hilo liliugharimu pia uhifadhi wenyewe, kwa sababu mtu aliyefukuzwa porini hana sababu ya kumtaja anayeingia usiku na bunduki.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko lake Arusha. Aliahidi kwamba serikali ya Tanganyika itawalinda wanyama kwa ajili ya wajukuu, na akayaomba mataifa mengine yachangie wataalamu na fedha. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa wahifadhi uliofanyika Nairobi, likatoka azimio la kutaka mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mkataba huo, CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975. Hatimaye sheria ilikuwa imefika sokoni.

Ila ilifika kwa woga. Ndovu waliruhusiwa kuendelea kuuzwa kwa vibali, na vibali vikawa pazia la wizi. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka 1973, ilibakiwa na wapatao 16,000 mwaka 1989. Mwaka huo Tanzania iliendesha Operesheni Uhai kuwasaka majangili, na Julai Rais Moi wa Kenya akachoma tani 12 za pembe Nairobi mbele ya kamera za dunia. Wako waliolia kwamba ni mali inayoteketea. Oktoba, mjini Lausanne, CITES ilifunga biashara ya kimataifa ya pembe, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoleta hoja. Bei ikaanguka, na ndovu wa Afrika Mashariki wakaanza kuongezeka.

Kisha mlango ukafunguliwa kidogo. Mwaka 1999 nchi tatu za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuiuzia Japani shehena moja. Mwaka 2008 nchi nne ziliziuzia China na Japani zaidi ya tani 100. Pembe haramu zikapata pa kujificha katikati ya zile halali. Tanzania ilikuwa na ndovu kama 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ilikuta kama 43,000. Rufiji, pale pale alipotenga pori Wissmann, ndipo walipouawa kwa wingi zaidi. Tuliwapoteza wengi hivyo kwa miaka mitano tu, tukiwa na mapori, askari, ndege na sheria, vitu ambavyo kabla ya 1896 havikuwepo.

China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017, na ujangili ukapungua. Lakini wajumbe wa CITES hukutana kila baada ya miaka miwili au mitatu, na pendekezo la kuuza akiba ya pembe hurudi mezani. Wajumbe wetu walikatae kila linaporudi.