Jahazi limeshushwa majini na linavuja: Usubiri au ulipandishe tena?

Jahazi limekaa pwani miezi mitatu likisubiri fundi na pesa za mbao. Hatimaye linapakwa rangi, watu wanakusanyika, linasukumwa majini. Nusu saa baadaye maji yamejaa kwenye ngama, na mwenye chombo anataka lipandishwe tena siku hiyo hiyo.

Mara nyingi haraka hiyo ni kosa. Lakini upo uvujaji ambao ukiupuuza, chombo kinazama. Tofauti yake inaweza kupimwa, na kinachohitajika ni ndoo na saa tu.

Kwa nini linavuja?

Mbao ikikauka husinyaa. Jahazi likikaa juani wiki kadhaa, nafasi kati ya ubao na ubao zinapanuka, na kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa humo, inalegea. Likirudi majini, mbao zinakunywa maji, zinavimba na kubanana tena.

Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Kwa chombo kilichokauka sana, inaweza kuchukua siku kadhaa.

Ila mbao huvimba kwa upana, kwa urefu karibu hakuna kitu. Kwa hiyo nafasi ndefu zinazokwenda kutoka tezi hadi omo zitajifunga zenyewe. Zifuatazo hazijifungi:

• Pale ncha za mbao mbili zinapokutana
• Tundu la msumari ulioliwa na kutu
• Ubao uliooza au uliotobolewa na wadudu wa baharini
• Ufa ulio karibu na mkuku

Pima kabla ya kuamua

Fua maji yote kwenye ngama. Subiri saa moja chombo kikiwa kinaelea, kisha fua tena huku ukihesabu ndoo. Andika kwenye simu. Rudia asubuhi na jioni.

Ikiwa siku ya kwanza ni ndoo 12 kwa saa, jioni 7, kesho yake 3, tulia. Jahazi linajifunga. Ikiwa ni 12, kisha 12, kisha 14, hapo kuna tundu, na kusubiri hakutasaidia.

Ndoo 12 za lita 20 ni lita 240 kwa saa. Akilala mtu wa kufua kwa saa nne tu, ndani kuna karibu tani moja ya maji. Maji hayo hayatulii. Chombo kikilala upande mmoja, nayo yanakimbilia huko huko na kukilaza zaidi. Ndiyo maana siku hizi za mwanzo hakipakiwi mzigo wala abiria, hakitoki nje ya bandari, na lazima mtu alale ndani.

Tafuta tundu wakati maji yamekupwa

Pwani ya Afrika Mashariki ina bahati moja: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Acha jahazi likae kwenye mchanga maji yanapokupwa, lakini usifue yote yaliyo ndani. Zunguka nje ukitazama chini. Maji yaliyobaki ndani yatatoka pale pale yalipoingilia. Weka alama ya chaki au mkaa kila yanapodondoka. Michirizi ya kutu nayo inakuonyesha msumari uliochoka.

Likivuja kidogo na fundi yuko mbali, kuna mbinu ya zamani: unga wa mbao unaobaki chini ya msumeno. Utie kwenye kopo lililofungwa kwenye mti, lishushe chini ya sehemu inayovuja, kisha litikise. Maji yanayoingia yanauvuta unga hadi kwenye nafasi, nao unavimba humo. Hiyo ni ya kufikia asubuhi tu, siyo ya kusafiria.

Likipandishwa tena

Fundi hutoa kalafati iliyooza, kisha anachoma mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao huo ni wa kubadilishwa, siyo wa kuzibwa. Mbao ikiwa ngumu, pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta inaingizwa kwa patasi butu na nyundo. Juu yake hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwa hasira ya maji, wanashindilia pamba kwa nguvu zote wakati mbao bado kavu, au wanajaza saruji na gundi ngumu. Jahazi likirudi majini, mbao zinavimba na kukosa pa kwenda. Matokeo yake misumari inang'oka na mataruma yanaweza kupasuka. Deheni inafaa kwa sababu ni laini: mbao zikivimba, inasogea.

Safari ijayo, anza mapema

• Chombo kikiwa pwani, kifunike na makuti jua lisikipige.
• Siku chache kabla ya kukishua, mwagia mbao maji ya bahari asubuhi na jioni, na funika ndani kwa magunia yaliyolowa. Usijaze maji, uzito utaumiza mbao.
• Tumia maji ya chumvi. Maji ya mvua yakituama kwenye ngama huozesha mbao.
• Kishushe kitupu, asubuhi, mahali maji si ya kina. Likitokea la kutokea, kitakaa kwenye mchanga.

Na nahodha asiulizwe tu kama jahazi linavuja, maana jahazi la mbao karibu siku zote lina maji kidogo kwenye ngama. Aulizwe jana zilifuliwa ndoo ngapi, na leo ngapi. Asipojua, abiria wasubiri.