Meno 109: Kabla Hujamwita Fundi Mwizi

Wasee, leo siongei siasa. Leo naongea meno.

Nyumbani kwetu Gesima, upande wa Nyamira, kuna Volkswagen Beetle ya mwaka 1964 iliyokuwa ya babu yangu. Sisi tulimwita Sokoro. Kijiji kizima kilijua jambo moja kumhusu: mzee haegeshi kwenye tambarare. Hata akienda Keroka alitafuta mteremko kwanza, duka baadaye. Asubuhi anaachilia breki, gari linateremka polepole kando ya majani chai, anaingiza gia ya pili, anaachilia klachi, injini inanguruma. Watoto tulidhani ni madoido ya wazee.

Kulikuwa na hadithi nyingine, na hiyo haikuchekesha. Ati mwaka 1989 kijana mmoja wa gereji aliharibu stata ya gari hilo. Sokoro hakumlipa hata senti, na jina la kijana likachafuka. Kwetu, mpaka juzi, fundi akikosea anaambiwa, "Wewe ni kama yule aliyekula stata ya mzee."

Sokoro alishatuacha. Desemba iliyopita baba zangu wadogo wakaamua gari liuzwe kwa kilo, chuma chakavu. Nikaomba wiki moja. Ukweli ni kwamba nilitaka video tu. Nikapata kesi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kwa nini mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa vilima na matope, alinunua gari la Kijerumani? Jibu liko barabarani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na Volkswagen ikashinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Haikuwa na redieta ya kuchemka, maana injini yake hupozwa kwa hewa, na injini iko nyuma, kwa hivyo uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma. Ukiwa na njia kama za kwetu enzi hizo, hiyo si fasheni, ni hesabu.

Lakini gari likizeeka linahitaji vipuri. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90, kuagiza bidhaa nyingi kutoka nje ya Kenya kulihitaji leseni ya serikali, na pesa za kigeni zilikuwa adimu. Fundi wa mjini mdogo hakuwa na katalogi wala duka la vipuri halisi. Alikuwa na magari mengine yaliyokufa. Anatoa hapa, anaweka pale. Ndivyo jua kali ilivyobeba nchi hii, na ndivyo injini nyingi zilivyopata vipande vya asili tofauti.

Sasa, flaiwili. Ni lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Klachi inakaa juu yake, na ukingoni lina meno. Ukiwasha gari, stata inarusha gia yake ndogo, inashika meno hayo, inazungusha injini. Meno yasipolingana, husikii injini. Unasikia chuma kikilia.

Beetle za zamani zilitumia umeme wa volti 6, na flaiwili zake zina meno 109. Kufikia 1967 na 1968 kampuni ilikuwa inahamia volti 12, na flaiwili mpya ikawa kubwa zaidi, meno 130. Kwa macho, zikiwa na grisi na vumbi, zinafanana kama mapacha. Usikisie. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi pale pale. Kisha pima klachi: nyingi za zamani ni milimita 180, za baadaye milimita 200. Halafu soma namba ya injini, chini ya jenereta, uilinganishe na mwaka wa logbook. Vitu vitatu visipokubaliana, kuna mtu alichanganya.

Injini ya Beetle imeshikiliwa na boliti nne tu. Niliuliza Keroka ni nani bado anajua haya magari, wakanielekeza kwa mzee mmoja. Alipoona gari alinyamaza muda mrefu. "Hii naijua," akasema. Mwaka 1989 alikuwa na miaka 19.

Eh, ndiye.

Tukashusha injini. Namba yake ilianza na H, yaani 1500, na Beetle za 1500 zilianza kutoka kiwandani Agosti 1966. Logbook inasema 1964. Kwa hivyo injini ilishabadilishwa. Tukahesabu meno mara mbili. Mia moja na tisa. Lakini stata iliyokuwa imefungwa ilikuwa ya volti 12, ile ya meno 130.

"Omogaka," nikamwuliza, "nani alikosea?"

"Aliyeweka flaiwili hakukosea, kijana wangu. Giaboksi ni ya zamani. Ile kubwa ya meno 130 ingesugua nyumba yake. Kosa lilikuja walipobadilisha umeme na kununua stata mpya bila kuhesabu. Mimi niliitwa stata ikiwa tayari inalia. Nilimwambia babu yako vitu hivi haviendani. Akasema natafuta pesa."

Sikuwa na la kujibu. Sokoro nilimpenda sana. Alinifundisha kusoma. Lakini kwa miaka yote hiyo aliegesha kwenye mteremko badala ya kuhesabu meno, na mtu mwingine akalipia kwa jina lake.

Mzee alitafuta stata ya zamani inayolingana na meno 109. Alinieleza kwamba ya volti 6 huvumilia umeme wa volti 12, mradi usishikilie ufunguo. Tuliliweka gari kwenye tambarare, makusudi. Likawaka mara ya pili. Baba mdogo mkubwa akaenda akamshika mkono, akamlipa kazi ya leo, kisha akamlipa ile ya 1989. Gari haliuzwi tena.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda kusema historia iko kwenye vitabu na sanamu za mjini. Nyingine iko chini ya grisi, na inasomwa kwa chaki. Na sisi wa mtandaoni ndio wepesi zaidi kuandika "fundi mwizi" kabla ya kufungua boneti. Labda ni mwizi kweli. Lakini hesabu kwanza.

Kama kwenu kuna gari ambalo mzee huegesha kwenye mteremko, muulize kwa nini. Usicheke kabla hajajibu.