Upimaji wa mafuta na misuli kwa wanene wanaopungua

Huu ni upimaji unaogawa uzito wa mwili mafungu mawili: mafuta, na visivyo mafuta, yaani misuli, maji, mifupa na viungo vya ndani. Mtu mnene anapopungua, mizani humpa idadi ya kilo tu, bila kumwambia kilichotoka ni nini. Kwa anayepunguza chakula peke yake, mara nyingi karibu robo ya uzito unaopotea si mafuta. Kunyanyua vyuma na kula protini ya kutosha huikinga misuli.

Upimaji wa kisasa ulianzia majini. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima kwa kuwazamisha majini wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Wengi wao wangekataliwa jeshini kwa uzito, kumbe uzito wenyewe ulikuwa wa misuli. Mpimwaji huketi kwenye kiti kinachoning'inia katika mizani, hutoa pumzi yote, huzama, kisha hutulia tuli. Sentimita moja ya ujazo ya mafuta ina gramu 0.9, ya visivyo mafuta takriban 1.1; tofauti hiyo ndiyo inayowezesha kukokotoa mafuta kutokana na uzito wa mtu majini. Kwa mnene kazi ni ngumu, maana mafuta humwelesha, na hulazimika kufungwa vyuma ili azame.

Vipimo vingi hukisia kwamba maji ni 73% ya visivyo mafuta. Kwa wanene kiwango hicho huwa juu zaidi, na siku za mwanzo za kupungua hakitulii: kila gramu ya glikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) inayotumika huondoka na takriban gramu 3 za maji. Mizani za umeme za kukanyagia hutegemea maji hayohayo, kwa hiyo matokeo yake ya wiki ya kwanza hayafai kuaminiwa. Kipimo cha eksirei za nguvu mbili ni bora zaidi, ila vitanda vyake vina kikomo cha uzito, na wapo wasiotosha upana wake.

Asilimia ya mafuta nayo hupotosha. Mtu wa kilo 120 mwenye kilo 50 za mafuta akipungua kilo 12, 9 zikiwa mafuta, asilimia yake hushuka kutoka 41.7 hadi 38 tu, ilhali amepoteza 18% ya mafuta yote aliyokuwa nayo.