Mashamba ya Haiti na chimbuko la udikteta: mapinduzi, himaya na deni

Historia ya dunia ya leo husimuliwa kwa mafungu matatu. Kwanza huja mapinduzi: Marekani mwaka 1776, Ufaransa mwaka 1789. Halafu huja himaya za karne ya 19, na mwisho madikteta wa karne ya 20. Kila fungu lina vitabu vyake na wataalamu wake. Haiti haikai katika mpangilio huo, maana yote matatu yalikutana pale katika ardhi moja, na kwa kugombea jambo moja: nani alime, alime nini, na mavuno yaende kwa nani. Makala haya yanadai kwamba udikteta ulioikalia Haiti, kuanzia majenerali wa karne ya 19 hadi Duvalier na mwanawe, si ushahidi kwamba mapinduzi ya 1791–1804 yalishindwa. Ulizaliwa na mgogoro wa mashamba ambao mapinduzi hayakuumaliza, mgogoro ambao Ufaransa, na baadaye Marekani, ziliuingilia zikiwa upande wa wenye bunduki.

Saint-Domingue, kama nchi ilivyoitwa chini ya Ufaransa, ilikuwa koloni lenye faida kuliko yote ya wakati wake. Katika miaka ya 1780 ilitoa takriban asilimia 40 ya sukari na zaidi ya nusu ya kahawa iliyotumiwa Ulaya. Watumwa walikuwa karibu 500,000, na wengi wao walizaliwa Afrika, kwa kuwa kazi ya miwa iliwaua haraka kuliko walivyoweza kuzaa na kulea. Mabwana walipiga hesabu na kuona kwamba kununua mtu mwingine ni nafuu kuliko kumtunza aliyepo. Wengi wa watu hao walitoka Kongo, lakini pwani yetu nayo imo katika daftari hilo. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununuliwa watumwa 1,000 kila mwaka, hasa kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi, na katika miaka hiyohiyo meli za Kifaransa zilipakia mateka Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue.

Uasi ulianza katika uwanda wa kaskazini usiku wa tarehe 22 Agosti 1791. Kilichofuata kinafahamika, ingawa mara nyingi husimuliwa kana kwamba uhuru ulitumwa kutoka Paris. Ukweli ni kinyume chake. Tamko la Haki za Binadamu lilikuwa na miaka miwili tayari, na hakuna mtumwa hata mmoja wa koloni hilo aliyekuwa amefunguliwa kwa sababu yake. Kamishna wa Ufaransa, Sonthonax, alitangaza uhuru kaskazini mwa koloni mwezi Agosti 1793 kwa sababu alihitaji jeshi dhidi ya Wahispania na Waingereza, na jeshi pekee lililokuwepo lilikuwa la waasi. Bunge la Paris liliidhinisha tarehe 4 Februari 1794 jambo ambalo mapanga yalikuwa yamekwisha kulifanya. Mwanahistoria C. L. R. James aliliandika hili mwaka 1938. Michel-Rolph Trouillot alieleza mwaka 1995 kwa nini wasomi hawakutaka kulisikia: mapinduzi ya watumwa yalikuwa jambo ambalo fikra za Ulaya hazikuwa na mahali pa kuliweka, hata lilipokuwa likitokea mbele ya macho yao.

Matokeo yake duniani yalikuwa makubwa. Napoleon alituma makumi ya maelfu ya wanajeshi chini ya shemeji yake Leclerc mwishoni mwa mwaka 1801, na mwaka 1802 utumwa ukarudishwa Guadeloupe. Habari hiyo ilipofika Saint-Domingue kila mtu alijua kinachomngoja. Homa ya manjano na vita vililimaliza jeshi hilo, na tarehe 18 Novemba 1803 likashindwa kwa mara ya mwisho huko Vertières. Ndoto ya himaya ya Ufaransa katika bara la Amerika ilikwisha, na Louisiana ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa Marekani kwa dola milioni 15, mauzo yaliyokaribia kuongeza eneo la nchi hiyo maradufu. Naye Simón Bolívar, mpigania uhuru wa Amerika ya Kusini, alipokimbilia Haiti akiwa hana kitu, Rais Pétion alimpa silaha na watu kwa sharti la kuwaacha huru watumwa wa nchi atakazozikomboa. Anayetaka kueleza ramani ya mabara ya Amerika bila Haiti ana kazi kubwa ya kuficha.

Hata hivyo nguvu ya hoja yangu haiko katika ushindi huo. Iko katika mwaka 1800, vita vikiwa bado havijaisha na Toussaint Louverture akiwa mtawala. Mwezi Oktoba mwaka huo alitoa kanuni za kilimo zilizowaweka wakulima chini ya nidhamu ya kijeshi. Aliyekuwa mtumwa sasa alikuwa mtu huru mwenye haki ya sehemu ya mavuno, lakini alifungwa kwenye shamba lake la zamani, na nyapara wake alikuwa askari. Katiba ya 1801 ilifuta utumwa milele na wakati huohuo ikamfanya Toussaint gavana wa maisha mwenye haki ya kumteua mrithi wake. Iliruhusu hata kuingizwa kwa nguvu kazi mpya kutoka nje ili mashamba yasikose watu.

Nadhani ni kosa kumwita Toussaint msaliti, kama ambavyo ni kosa kumfanya mtakatifu. Alijua kwamba koloni lisilouza sukari halinunui baruti, na bila baruti Ufaransa itarudi na minyororo. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Miezi michache baada ya katiba hiyo Leclerc alikuwa bandarini. Lakini wakulima nao walikuwa na hoja isiyokanushika. Kwao uhuru ulikuwa kipande cha ardhi, mihogo, ndizi, kuku, na soko ambalo mtu anaenda kwa hiari yake. Wakulima wa kaskazini walipoasi mwezi Oktoba 1801, jina la Jenerali Moyse, aliyekuwa mpwa wa Toussaint, lilihusishwa na uasi huo, na Toussaint akaamuru apigwe risasi. Mfarakano uliokuja kuwa dola upande mmoja na taifa upande wa pili ulionekana wazi siku ile, kabla Haiti haijapata hata jina lake.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Januari 1804 na kuuawa kwa Dessalines, mtawala wa kwanza wa Haiti huru, mwaka 1806, nchi ikagawanyika. Christophe kaskazini alijitawaza mfalme na kuendeleza mashamba makubwa kwa mkono wa chuma. Kusini, Pétion alianza mwaka 1809 kuwagawia askari ardhi. Hapa msomaji aangalie vizuri, kwa kuwa ndipo madai ya kwamba Haiti ilikuwa imekwisha kujihukumu udikteta yanapoanguka. Kabla ya 1825 serikali yenyewe ilikuwa imeanza kurudi nyuma. Mashamba yalivunjwavunjwa na sukari ikafifia. Mahali pake palikuja kahawa ya mkulima mdogo, inayopandwa kati ya migomba na isiyohitaji kiwanda wala nyapara. Wakulima walikuwa wanashinda mgogoro ule taratibu, bila tamko lolote.

Ndipo Ufaransa iliporudi. Mwezi Julai 1825 meli 14 za kivita, zenye mizinga karibu 500, zilifika Port-au-Prince na amri ya Mfalme Charles wa Kumi: Haiti itatambuliwa ikiwa italipa faranga milioni 150 kuwafidia mabwana waliopoteza mali, mali hiyo ikiwa pamoja na miili ya watu, na ikiwa itapunguza kwa nusu ushuru wa bidhaa za Ufaransa. Rais Boyer, ambaye sasa alitawala nchi nzima, alikubali. Ili kulipa awamu ya kwanza alikopa Paris faranga milioni 30, ambazo mabenki yalikata milioni 6 kabla hata fedha hazijatoka. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa, jumla ikawa milioni 90, lakini mikopo ilizaa mikopo, na malipo ya mwisho yaliyotokana na mlolongo huo yalikamilika mwaka 1947.

Mwaka mmoja tu baada ya meli hizo, Boyer alitangaza Sheria ya Vijiji ya 1826 iliyokusudia kuwarudisha wakulima kwenye mashamba kwa nguvu. Sheria ilikwama, maana watu walikuwa na ardhi na mapanga, na nchi ni ya milima. Dola ikabadili mbinu: ikiwa haiwezi kummiliki mkulima, itamngoja bandarini. Ushuru wa kahawa ukawa uti wa mgongo wa hazina. Trouillot alionyesha kwamba dola ya namna hii haihitaji ridhaa ya mwananchi. Inahitaji forodha na askari wa kuilinda. Haina sababu ya kujenga shule wala barabara kijijini, kwa kuwa kahawa itashuka mlimani kwa punda. Na ikiwa utawala wote umo ndani ya jengo la forodha, basi anayelitwaa jengo hilo ndiye rais. Kati ya 1843 na 1915 marais wengi waliondolewa kwa nguvu, na kila mshindi alilikuta deni lilelile mezani.

Wako wanaosema kwamba kulaumu deni ni kuwaondolea watawala wa Haiti dhamana yao. Nakubali nusu. Utawala wa kijeshi haukuletwa na meli za Charles. Toussaint, Dessalines na Christophe waliujenga kwa mikono yao. Deni lilifanya jambo jingine, baya zaidi kwa muda mrefu. Lilifika wakati dola hiyo ikilegea mbele ya wakulima, likaipa sababu mpya ya kuwakamua, na likaweka masilahi ya wakopeshaji wa kigeni nyuma ya kila jenerali aliyeahidi kulipa.

Marekani ilipoivamia Haiti tarehe 28 Julai 1915 haikuhitaji kubuni chochote. Ilizitwaa forodha na kupanga malipo ya madeni kwanza. Ikafufua kazi ya shokoa kujenga barabara, na katiba ya 1918 ikaondoa marufuku ya wageni kumiliki ardhi, marufuku iliyokuwapo tangu wakati wa Dessalines. Wakulima walioasi pamoja na Charlemagne Péralte walisagwa, naye akauawa mwaka 1919. Wamarekani walipoondoka mwaka 1934 waliacha jeshi moja lenye makao makuu Port-au-Prince, na hakuna jimbo lililokuwa na nguvu ya kulipinga. Zamani jenerali wa kaskazini aliweza kumng'oa rais. Sasa dikteta wa mji mkuu alikuwa salama kuliko wote waliomtangulia.

François Duvalier, aliyeingia kwa uchaguzi wa 1957, aliielewa nafasi hiyo kikamilifu. Aliliogopa jeshi, akalizidi kwa wanamgambo wake, Tonton Macoute, na mwaka 1964 akajifanya rais wa maisha. Shirika la serikali la tumbaku lilikusanya kodi za bidhaa za kila siku nje ya bajeti, bila hesabu kuonyeshwa mtu. Kura ya Haiti dhidi ya Kuba katika mkutano wa nchi za Amerika huko Punta del Este, Januari 1962, iliuzwa kwa ahadi ya misaada. Mwanawe alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 19, akakimbia tarehe 7 Februari 1986. Tofauti ya baba huyo na Boyer ni ya ukatili na ya zana. Chanzo cha mapato, yaani mlaji na mkulima asiye na sauti, ni kilekile.

Mwaka 2003 Rais Aristide alidai Ufaransa irudishe zaidi ya dola bilioni 21, na mwaka uliofuata akaondolewa madarakani. Mwezi Aprili 2025 Rais Macron alitangaza tume ya wanahistoria wa nchi mbili kuichunguza fidia ya 1825. Kazi hiyo itakuwa pungufu ikiishia kwenye hesabu ya faranga. Tume inapaswa kuzisoma daftari za forodha pamoja na sheria za vijiji, na kuuliza katika kila mwaka wa malipo ni nani hasa aliyelipa. Jibu litakuwa mkulima wa kahawa, na fidia yoyote itakayopitishwa kwenye hazina ya Port-au-Prince bila yeye kuwa na kauli juu yake itafuata njia ileile iliyochimbwa mwaka 1825.