Mwili Usiomsahau Adui

Mwili wa mwanadamu ni kama boma. Ngozi ndiyo ukuta wake. Machozi na makamasi huzuia vijidudu mlangoni. Na damuni mna chembe nyeupe, ambazo ndizo askari. Je, askari hao waweza kumkumbuka adui aliyekuja zamani? Jambo hili lilionekana wazi katika Visiwa vya Faroe, vilivyo baharini kati ya Uskoti na Aisilandi.

Mwaka 1781 surua iliingia visiwani humo, kisha ikatoweka kwa miaka 65. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakazeeka, wala hawakuiona. Hata mwaka 1846 fundi seremala mmoja akatoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, naye akafika huko akiwa na ugonjwa mwilini bila kujua. Wakazi walikuwa 7,782. Kwa miezi michache tu zaidi ya 6,000 wakaugua.

Serikali ya Denmark ikampeleka mganga kijana, Peter Ludwig Panum. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akiuliza nani ameugua na tangu siku gani. Akapata habari kwamba watu 10 wa Tjørnuvík walikwenda kuwinda nyangumi tarehe 4 Juni; na tarehe 18 Juni wote 10 wakatoka vipele. Kwa habari za namna hii akajua kuwa surua hujificha mwilini siku 13 au 14 kabla ya vipele kutokea.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa kwa wazee. Miongoni mwa waliougua mwaka 1781, hakuona hata mmoja aliyeugua mara ya pili. Bali wazee waliookoka utotoni, sasa surua iliwashika kama watoto. Basi si uzee uliowakinga wale wa kwanza, ila ni vita vya zamani.

Leo twaijua sababu. Vita viishapo, baadhi ya chembe nyeupe hubaki mwilini miaka mingi zikiwa na alama ya adui yule. Akirudi, hutambuliwa na kushindwa upesi.

Hata hivyo tusidhani ni heri kuugua. Kinga ile wazee waliinunua kwa hatari kubwa, na mwaka 1846 wengine zaidi ya 100 walikufa. Chanjo ya surua, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1963, huwafundisha askari wale wale kumjua adui kabla hajafika. Basi tumpelekapo mtoto kuchanjwa, twampa kumbukumbu ya wazee wale pasipo maumivu yao.